Kidevu na Shati la Shemeji

Kwanza niseme wazi ili tusije tukasumbuana: mimi sipendi mnyama yeyote mwenye kucha. Paka simtaki, mbwa tusalimiane kwa mbali, na kuku namheshimu akishaingia kwenye sufuria. Kwa hiyo Shemeji alipoingia na boksi la viatu, akalifunua, na ndani mkawa na mjusi wa urefu wa mkono wangu kuanzia kiwiko hadi vidole, nilijikuta nimesimama juu ya meza ya kukatia, mkasi mkononi. Dada yangu alipiga ukelele mmoja tu, kisha akaniambia nishuke kwa sababu nilikuwa nimekanyaga kitambaa cha mteja.

Dada ni fundi cherehani. Chumba cha mbele cha nyumba yao ndicho duka lake: cherehani mbili, meza ya kukatia, kioo kirefu cha wateja kujitazama, na sanamu ya kushonea, kile kiwiliwili kisicho na kichwa anachokivalisha nguo ili aone zinavyokaa. Yeye hukata na kushona. Mimi, mdogo wake, hupinda nguo, hutia vifungo, na hugombana na wateja wanaokuja kudai nguo kabla ya siku yake. Hiyo ya mwisho ndiyo kazi ninayoiweza zaidi. Dada hagombani na mtu, na akikasirika sana utaona tu mishono yake imekuwa mifupi.

Yule mjusi tulimwita Kidevu. Asili yake ni majangwa ya mbali, na chini ya taya ana miiba laini iliyozunguka kama ndevu. Akiudhika anazifutua zile ndevu na zinageuka nyeusi tii. Mwalimu mmoja aliyekuwa akihama ndiye aliyemwachia Shemeji, pamoja na sanduku la kioo, taa ya kumpasha joto, na ndoo yenye nyenje walio hai wanaolia mchana kutwa. "Bure kabisa!" Shemeji alituambia, meno yote nje, kana kwamba ametuletea friji.

Shemeji alikuwa fundi wa mitambo ya kuchimba visima. Alikuwa na mikono mikubwa yenye grisi kwenye mikunjo, grisi isiyosikia sabuni, lakini mikono ile ilikuwa na subira ambayo sijapata kuiona kwa mtu mzima. Kila siku alikaa mbele ya sanduku, akagonga kioo mara tatu kwa kidole, akaingiza kiganja taratibu kutoka mbele, chini chini. "Usimjie kwa juu," alikuwa akinifundisha, ingawa sikuwa nimeomba kufundishwa. "Akijiwa kwa juu anadhani ni mwewe. Na usimfuate. Kaa, yeye ndiye akufuate." Kisha alichukua nyenje, akamgaragaza kwenye poda nyeupe iliyokaa kwenye kikopo, akamweka kiganjani. "Na poda usisahau, shemeji. Bila poda mifupa yake inalainika."

Nilimjibu kwamba mimi mwenyewe magoti yananiuma na hakuna aliyewahi kunipaka poda. Alicheka mpaka akashika mbavu.

Ilimchukua mwezi na zaidi, lakini Kidevu alizoea. Akawa anapanda mkono wa Shemeji mpaka begani na kutulia pale, macho nusu wazi. Na kila siku saa kumi na dakika ishirini, Shemeji aliporudi kutoka karakana na kusukuma mlango, Kidevu alikuwa akiinua mkono mmoja wa mbele na kuuzungusha polepole hewani. Alipunga mkono, jamani. Mara ya kwanza nilipoona nywele zilinisimama. Shemeji alipunga naye, akasema, "Karibu na wewe," akaenda kunawa.

Kisha kampuni yake ikamtuma kwenye visima vya mbali, kazi ya wiki tatu. Asubuhi aliyoondoka Dada alikuwa amepiga magoti mbele ya sanamu, anabana pindo la gauni la bibi harusi, na midomo yake imeshika pini sita au saba. Shemeji alisimama mlangoni na begi lake. "Mlisheni Kidevu mpaka nirudi," alisema. "Msije mkamwacha akafa." Kisha akamwangalia Dada. "Haya, mke wangu. Naenda." Dada hakuweza kufungua mdomo kwa sababu ya zile pini. Aliitikia kwa kichwa, basi. Shemeji akaondoka.

Begi lake lilirudi. Yeye hakurudi. Tulichoambiwa na kampuni ni kwamba basi lilisimama njia panda kujaza mafuta, yeye akashuka kunyoosha miguu, na abiria walipopanda tena kiti chake kilikuwa kitupu. Walimwita, wakamtafuta, wakapiga honi. Hakuna duka pale, hakuna nyumba, ni pampu mbili za mafuta na barabara. Polisi waliandika maelezo, nasi tukaambiwa tusubiri.

Ndani ya begi mlikuwa na shati lake la kazi alilovaa siku iliyotangulia safari, halijafuliwa. Dada alilitoa, akalinusa, akaivalisha ile sanamu ya kushonea, akalifunga vifungo vyote mpaka cha shingoni. Kisha alikwenda kwenye sanduku la kioo, akamtazama Kidevu kwa muda mrefu.

"Huyu akiishi, na yeye yuko hai," alisema.

"Dada, acha hayo. Huyo ni mjusi."

"Akifa huyu, na yeye ndiyo basi. Sitamngoja tena. Aliniachia kitu kimoja tu nikifanye, na sikumjibu hata neno."

Nilibisha. Nilimwambia akili zimemruka, nilimwambia mama yetu angekuwa hai angemzaba kofi. Hakugombana. Siku hiyo mishono yake ilikuwa mifupi kiasi kwamba mteja aliyetaka nguo yake ipunguzwe hatapata wa kuifumua milele. Ndipo nilipojua kwamba hatanii, na kwamba roho ya dada yangu iko mle kwenye sanduku la kioo.

Shida ni kwamba Kidevu hakumtaka. Dada alipoingiza kiganja, ndevu zilikuwa nyeusi. Alitafuna majani aliyowekewa, lakini nyenje hakuwagusa, akakonda, mfupa wa mkia ukaanza kuonekana. Dada naye alikuwa akimwogopa. Jasho jembamba lilimtoka mpaka kwenye nyusi. Hata hivyo alipiga moyo konde. Kila siku kazi ikisimama alikaa pale, akagonga mara tatu, akaingiza kiganja kutoka mbele, chini chini, akakaa hivyo saa nzima bila kutikisika. Siku ya kumi na saba Kidevu alisogea hatua mbili, akatoa ulimi, akamchukua nyenje kutoka kiganjani. Dada alilia kwa sauti. Mimi nilitoka nje nikajidai natupa vipande vya nguo.

Kuanzia hapo akawa anakula, nasi tungeweza kupumua, isipokuwa jambo moja. Saa kumi na dakika ishirini Kidevu aliendelea kugeukia mlango. Mlango umefungwa, hakuna mtu, na yeye anainua mkono, anauzungusha polepole, anaushusha. Kisha kichwa chake kilikuwa kinageuka kidogo kidogo, kama anayemfuata mtu kwa macho, kutoka mlangoni, kupita katikati ya chumba, mpaka kwenye kiti cha Shemeji kando ya dirisha. Hapo alikuwa akitulia. Siku moja mama wa bibi harusi alikuwa ndani anajaribisha gauni lake, akaliona hilo kwenye kioo. Aliondoka na pini zikiwa bado kwenye gauni.

Nilimwita daktari wa mifugo aje amtazame. "Mimi ni mtu wa ng'ombe," alisema akijikuna kisogo, lakini mijusi hao alikuwa amewasoma chuoni. "Wakimwona mkubwa wao hupunga hivyo. Maana yake: nimekuona, sitaki ugomvi."

"Na kama hakuna mtu?"

"Basi labda anajiona kwenye kioo chenu hicho."

Haya, nikashukuru. Nilichukua shuka nzima nikafunika kioo. Saa kumi na dakika ishirini Kidevu aligeukia mlango, akapunga mkono, akamfuata asiyekuwepo mpaka kwenye kiti. Niliiondoa shuka.

Sasa nifike kwenye kosa langu, maana ni langu peke yangu. Kazi ya kuwagaragaza nyenje kwenye poda nilipewa mimi. Poda ikaisha. Duka linaloiuza liko mbali, jua lilikuwa kali, na mimi siku hiyo nilikuwa na kisirani changu. Mezani palikuwa na chaki nyeupe ya kuchorea vitambaa. Nikaisaga kwa pasi baridi, ikatoka unga mweupe laini, usingeweza kuutofautisha na ule wa kwenye kikopo. Nikajaza. Kesho yake nikasema nitakwenda dukani kesho. Mtu anayeshinda na chaki vidoleni, anayeila na mkate bila kujua, hawezi kudhani kwamba chaki ina dhambi. Wiki sita nilimlisha Kidevu chaki.

Mkono ndio ulioanza kutetemeka. Saa ileile, mlango uleule, Kidevu aliinua mkono wake na badala ya kuuzungusha ukatikisika wote, kwa mtetemeko mdogo wa haraka, na hakuweza kuushusha mpaka akaulalia. Kufika mwisho wa wiki hakutaka nyenje hata kwa Dada. Alilala chini ya taa, macho yamefumba, na vidole vinacheza vyenyewe.

Dada aliacha kushona. Alikaa mbele ya sanduku, mikono mapajani. "Ameumia mkono huko aliko," alisema. "Mkono wa kulia. Ule anaoshikia spana." Hakula mchana ule wala siku iliyofuata. Nguo zake mwenyewe zikaanza kumning'inia, yeye ambaye hukata kila kitu kikakaa sawasawa.

Daktari alirudi. Alimgusa Kidevu taya, akaguna. "Mnampa poda?"

"Kila siku," Dada alijibu. "Mdogo wangu ndiye anayempa. Si ndiyo?"

Alinigeukia na yale macho yake makubwa.

"Ndiyo," nikasema.

Nilimfuata daktari mpaka kwenye pikipiki yake, nikamwambia ukweli. Alivua miwani. "Chaki? Ya ubaoni?" Nikamwambia ya kuchorea nguo. Alinitazama kama ninavyowatazama wateja wanaofua hariri kwa jiki, na nilistahili. Alinipa chupa ndogo ya dawa. "Matone matatu kila siku. Mdondoshee puani, atalamba. Lakini asikamatwe kwa nguvu. Mifupa imelainika, utamvunja. Lazima akuruhusu mwenyewe."

Akuruhusu mwenyewe! Mimi, ambaye kwa mwaka mzima nilikuwa nikimpita na kumsonya.

Kila siku saa saba Dada alikuwa akienda ofisi ya ile kampuni kuuliza kama kuna habari, na kurudi saa tisa. Hizo ndizo saa zangu. Nilikaa pale, nikagonga mara tatu, nikaingiza kidole chenye tone kutoka mbele, chini chini. Ndevu zilikuwa nyeusi. Siku ya kwanza nyeusi, ya pili nyeusi, ya tatu akafungua mdomo kunitisha na hata kuufunga tena ikawa kazi. Nililia kwa hasira. Nilimwambia, "Nimekosa, bwana, nifanyeje tena?" Ndiyo, nilimwomba radhi mjusi, na atakayecheka na acheke.

Siku ya nne nikatambua kwamba hanitazami. Alikuwa anaangalia nyuma yangu, bila kupepesa, kwenye ile sanamu iliyovaa shati la Shemeji.

Nililivua shati kwenye sanamu, kifungo kimoja kimoja, nikalivaa. Lilikuwa na joto. Sanamu inakaa karibu na dirisha, jua la mchana linaipiga, nikajiambia hivyo mara mbili. Lilikuwa na joto mgongoni na kwenye makwapa, na lilinuka grisi na jasho la mtu ambaye ameondoka chumbani sasa hivi. Nikageuka. Ndevu za Kidevu zilikuwa zimerudi rangi yake ya mchanga. Nilipoweka kiganja alikuja, akijikokota, akapanda kwa zile kucha zake mpaka kwenye mkono wa shati, mpaka begani. Nikamdondoshea dawa puani. Akalamba.

Wiki mbili tulifanya hivyo. Kila siku shati lilikuwa na joto, hata siku ile ya mawingu na mvua. Siku hiyo sikujiambia habari ya jua. Nilidondosha dawa, nikalirudisha shati kwenye sanamu, nikafunga vifungo mpaka cha shingoni, nikakaa kwenye kigoda changu na sindano. Poda ya kweli ilikuwa imerudi kwenye kikopo. Mtetemeko ulipungua, akaanza kula, na jioni moja Dada alisema, "Umeona? Mkono umetulia. Huko aliko amepata nafuu." Akachukua mkate akala, na mimi nikashindwa kumwangalia usoni.

Siku iliyofuata ofisi ya kampuni ilikuwa imefungwa.

Nilikuwa nimesimama mgongo kwa mlango, nimevaa shati, Kidevu begani. Sikusikia mlango. Nilisikia sauti ya Dada, ndogo, ya nyumbani, sauti ambayo sikuwa nimeisikia kwa miezi.

"Umechelewa," alisema. "Chakula kimeshapoa."

Sikuthubutu kugeuka. Niliinua macho kwenye kioo kirefu, nikamwona nyuma yangu, mlangoni, mkoba bado mkononi. Macho yake alikuwa ameyafumba. Ameyafumba kwa nguvu, kama mtoto anayeogopa asije akaona. Alijua ni mimi. Alitaka tu iwe hivyo kwa dakika moja, nami nikampa hiyo dakika, nikasimama pale na bega la mume wake, machozi yakinitiririka mpaka shingoni.

Kisha akafumbua. "Vua," alisema taratibu. "Utalitanua mabegani."

Nilimweka Kidevu chini ya taa na nikasema yote. Chaki, pasi, wiki sita, uongo niliomwambia yeye mbele ya daktari. Nilisema nilikuwa namuua. Nilisema, nipige.

"Nilijua," alisema Dada.

"Ulijua nini?"

"Mimi ni fundi. Chaki yangu ikipungua nusu naona. Juzi niliangalia kwenye kikopo, nikaona poda ni mpya, na chupa ya dawa chini ya kigoda chako." Aliketi. "Nilitaka kukufukuza. Nilisimama hapa nikiwa nimeshatunga na maneno. Halafu nikafikiri, nikikufukuza wewe nitabaki na nani?"

Alinyoosha mkono, nikampa shati. Alilishika usoni, akavuta pumzi ndefu moja, kisha akaenda nalo uani. Nilisikia maji yakiingia kwenye beseni. Alilifua mwenyewe, kola na makwapa, akalianika kwenye kamba, na aliporudi mikono yake ilikuwa imevimba kwa maji ya sabuni. "Limeniuma," alisema, "lakini lilikuwa chafu." Sanamu ikabaki tupu. Dada akaleta gauni la yule bibi harusi lililokwama siku nyingi, akaivalisha sanamu, akapiga magoti, akajaza pini mdomoni. Kwa mara ya kwanza tangu wiki zile alikuwa anafanya kazi.

Mimi nilikaa kwenye kigoda changu katikati ya chumba, natia vifungo. Sikuitazama saa.

Nyenje walinyamaza. Ndicho kilichonifanya niinue kichwa, maana wale hawanyamazi. Kidevu alikuwa amesimama wima juu ya jiwe lake. Aligeukia mlango uliofungwa, akainua mkono wa kulia, mkono uliokuwa haushikiki kwa kutetemeka, akauzungusha hewani polepole, bila kutikisika hata kidogo.

Nilimtazama Dada. Hakugeuka nyuma. Macho yake yalikuwa kwenye pindo la gauni. Alizitoa pini mdomoni, moja baada ya nyingine, akazichomeka kwenye kijimto chake cha pini, zote saba, mpaka mdomo ukawa mtupu.

"Karibu," alisema, kwa sauti kamili. "Pita."

Kichwa cha Kidevu kikaanza kugeuka kidogo kidogo kutoka mlangoni. Na mimi, mimi ambaye siamini lolote kati ya hayo, nilishika kigoda changu nikakivuta kando hadi ukutani, nisije nikamzibia njia.